Wakalimani Wawili Katika Nyumba Moja
Somo la kutunza kompaila za matoleo mbalimbali katika Linux



Wavuvi wetu wa Rumonge wana desturi moja njema. Mtu aendaye ziwani usiku na taa kutafuta ndagala huchukua wavu wa macho madogo. Atafutaye sangala huchukua wavu wa macho makubwa. Nyumbani kwake nyavu zote mbili zimetundikwa, kila mmoja mahali pake, wala hachomi ule wa kwanza kwa kuwa amenunua wa pili. Jambo hili nililikumbuka sana mwisho wa muhula uliopita katika chumba cha kompyuta, tulipokaribia kukosa matokeo ya mtihani kwa siku ile wazazi wanapokuja kuyasikiliza. Nitawaeleza kwanza yaliyotupata, halafu tufanye somo.

YALIYOTUPATA

Shule yetu ina programu ndogo iitwayo alama. Iliandikwa kwa lugha ya C na wanafunzi waliotutangulia. Kazi yake ni kusoma orodha ya wanafunzi na alama zao, kuzijumlisha, na kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kompyuta ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi hiyo ilikuwa na Ubuntu 20.04. Ilipokufa tukapata nyingine yenye Ubuntu 24.04. Tukanakili maandishi ya programu kutoka katika flashi, tukaandika make, tukangoja. Jibu likawa hili:

    multiple definition of `jumla'

Maana yake ni kwamba jina jumla limewekwa zaidi ya mara moja. Programu haikutengenezwa. Zilibaki siku mbili.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu akaniambia, "Mwalimu, kompaila hii mpya haifai. Niing'oe, niweke ile ya zamani?" Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikamwambia, "Ngoja, mwanangu. Soma kwanza mashine inataka kuondoa nini."

Tukasoma pamoja. Alikuwa ameamuru gcc-13 iondolewe, na vitu ambavyo vingeondoka pamoja nayo vilikuwa vingi kuliko alivyodhani: gcc yenyewe, g++, na kifurushi cha build-essential. Angeizima karakana yote kwa ajili ya msumeno mmoja. Akaondoa kidole, akaniuliza, "Sasa tufanyeje?" Somo hili ndilo jibu lake.

1. KOMPAILA NI NINI

Kompyuta haijui C. Yenyewe hufuata amri za tarakimu tu. Kompaila ni mkalimani anayechukua maandishi ya mwanadamu na kuyageuza kuwa amri hizo. Sisi wa mwambao wa Tanganyika twaijua vizuri kazi ya mkalimani, maana hapa kwetu shauri moja laweza kuanza nyumbani kwa Kirundi, likapita sokoni kwa Kiswahili, na kumalizikia ofisini kwa Kifaransa.

Kompaila itumiwayo zaidi katika Linux ni GCC. Toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1987 na Richard Stallman wa Marekani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, aliitumia kutengeneza kiini cha Linux. Ubuntu, ambayo ni namna moja ya Linux, ilianza mwaka 2004. Jina lake halihitaji mkalimani kwetu: katika Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu kitolewacho ku buntu ni kitu cha bure. Ndivyo ilivyo. Kila mtu aweza kuichukua, kuitumia na kumgawia mwenziwe bila kulipa.

2. KWA NINI MKALIMANI MMOJA HATOSHI

Lugha hubadilika, na mkalimani wa leo hakubali kila neno alilolikubali mkalimani wa jana. GCC nayo imebadilika hivi:

Toleo la 5, mwaka 2015, liliacha kufuata kawaida ya C ya mwaka 1990 pasipo kuambiwa, likafuata ile ya 2011.

Toleo la 10, mwaka 2020, lilikataza faili mbili kuweka kigezo cha jina moja na kukichanganya kimyakimya.

Toleo la 14, mwaka 2024, lilianza kuhesabu kuwa ni kosa mtu kuita kazi ambayo hakuitangaza kwanza. Zamani lilikuwa onyo tu.

Toleo la 15, mwaka 2025, lilianza kufuata kawaida mpya ya C23. Ndani yake maneno kama bool, true na false yamekuwa maneno ya lugha yenyewe, kwa hiyo programu ya zamani iliyojitungia bool yake yaweza kukataliwa.

Sasa tazama kompyuta zetu. Ubuntu 20.04 huja na GCC ya 9, Ubuntu 22.04 huja na ya 11, na Ubuntu 24.04 huja na ya 13. Programu yetu ilitoka katika 9 ikaingia katika 13. Ilivuka mpaka wa 10 usiku, bila sisi kujua, na asubuhi ikaulizwa karatasi zake.

3. JINSI WANAVYOKAA PAMOJA

Wazee wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini wakalimani hawa hukaa vizuri, kwa sababu kila mmoja ana jina lenye namba yake na chumba chake. GCC ya 9 huitwa gcc-9, na ya 13 huitwa gcc-13. Vifaa vyao viko katika folda mbili mbalimbali chini ya /usr/lib/gcc. Hawagusani.

Je, jina gcc bila namba ni nani? Si mtu. Ni kibao tu kilichopigiliwa mlangoni, kinachosema, "Ukitaka mkalimani, ingia kwa gcc-13." Kibao cha namna hii katika Linux huitwa kiungo. Ukilishika neno hili moja, nusu ya somo umeimaliza: tofautisha mtu na kibao.

Basi kumleta mkalimani wa pili hakuna haja ya kumfukuza wa kwanza. Katika Ubuntu 24.04 andika:

    sudo apt-get update
    sudo apt-get install gcc-9

Neno kwa shule zetu ambazo mtandao ni wa kununua kwa kipimo na umeme hukatika. Apt-get huweka vifurushi ilivyovipakua katika folda ya /var/cache/apt/archives. Ukishapakua mara moja, vichukue kwa flashi mpaka kompyuta nyingine yenye Ubuntu ileile, viweke katika folda tupu, ingia humo, kisha uandike:

    sudo apt-get install ./*.deb

Hivyo chumba kizima hupata kompaila kwa gharama ya kompyuta moja. Lakini usichanganye vifurushi vya 24.04 na vya 20.04, maana havikubaliani.

4. KUMJUA ANAYEJIBU

Makosa mengi hutokea kwa sababu mwanafunzi anadhani anasema na mmoja, kumbe anajibiwa na mwingine. Kabla ya kulaumu programu, uliza maswali haya:

    gcc --version
    gcc-9 --version
    type -a gcc
    readlink -f /usr/bin/gcc

Swali la kwanza na la pili hukutajia toleo. La tatu hukuonyesha kila mahali lilipo jina gcc, kwa taratibu ya kutafutwa. La nne hufuata kibao mpaka kwa mtu mwenyewe. Kwetu lilijibu /usr/bin/x86_64-linux-gnu-gcc-13.

Taratibu ya kutafuta imeandikwa katika kigezo kiitwacho PATH. Ni orodha ya folda, na kompyuta hupita kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ikimchukua wa kwanza anayeitika. Kama mtu aliwahi kujitengenezea GCC yake akaiweka katika /usr/local/bin, hiyo kwa kawaida huitika kabla ya ile ya /usr/bin. Tena kumbuka kwamba bash hukariri mahali ilipopata amri mara ya mwisho. Ukibadilisha vitu na jibu likabaki lilelile, andika hash -r, isahau iliyokariri.

5. KUMWITA MMOJA KWA KAZI MOJA

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haimgusi mtu mwingine yeyote anayetumia kompyuta ile. Kama programu ni faili moja, mwite mkalimani kwa jina lake kamili:

    gcc-9 -o jaribu jaribu.c

Kama programu ina Makefile, na aliyeiandika alitumia $(CC) mahali pa jina la kompaila, andika:

    make clean
    make CC=gcc-9

Usiruke mstari wa kwanza. Make haitafsiri upya faili ambayo haikubadilika. Bila kusafisha, yaweza kuchukua vipande vilivyotengenezwa jana na gcc-13 na kuviunganisha na vya leo vya gcc-9, nawe usijue umejaribu nini.

Tulipoandika mistari hiyo miwili, programu ya kaka zetu ilitengenezwa bila neno. Jioni ile matokeo ya darasa la kwanza yalikuwa mezani, na asubuhi madarasa yote yalikuwa tayari.

6. KUGEUZA KIBAO CHA MLANGONI

Iko njia ya pili, ya kugeuza kibao chenyewe ili gcc bila namba iwe toleo ulitakalo. Chombo chake ni update-alternatives. Kwanza huwaandikisha wakalimani, kila mmoja na cheo chake:

    sudo update-alternatives --install /usr/bin/gcc gcc /usr/bin/gcc-13 130
    sudo update-alternatives --install /usr/bin/gcc gcc /usr/bin/gcc-9 90

Kisha huchagua kwa kuandika:

    sudo update-alternatives --config gcc

Na ukitaka kumrudisha mwenye cheo kikubwa:

    sudo update-alternatives --auto gcc

Njia hii ni halali, lakini ina miiba mitatu. Kwanza, hukumbuka C peke yake. Usipoandikisha g++ pia, C itatafsiriwa na 9 na C++ na 13. Pili, kibao ni cha watu wote. Kiini cha Linux kinapopata toleo jipya, kompyuta huenda ikatafsiri upya programu ndogo zinazoendesha vifaa, kama kadi ya mtandao. Ikimkuta mkalimani mzee mlangoni ambaye hazijui amri mpya za kiini, kazi hiyo yaweza kushindikana, nawe uamke siku moja mtandao umekufa bila kujua sababu. Tatu, ukiandika --remove-all gcc ukidhani unasafisha, utakuwa umeking'oa kibao chenyewe, na jina gcc litakosekana kabisa. Likikupata hilo usilie; andika sudo apt-get install --reinstall gcc, nacho kitapigiliwa tena.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: kwenye kompyuta ya shule, acha kibao kama Ubuntu ilivyokiweka, na umwite mzee kwa jina lake.

7. JAMBO AMBALO KOMPAILA YA ZAMANI HAIWEZI

Mwanafunzi mwingine alipoona hayo alifurahi, akasema, "Basi, Mwalimu, nikitengeneza programu kwa gcc-9 hapa, itakwenda kwenye kompyuta yoyote ya zamani." Alikuwa na ndugu yake afanyaye kazi ya kupima samaki bandarini, mwenye mashine ya Ubuntu 20.04. Akatengeneza, akachukua kwa flashi, akarudi na uso mrefu. Mashine ilikuwa imesema kwamba GLIBC_2.34 haikuonekana.

Sababu ni hii. Kompaila hutafsiri maandishi yako, lakini kazi nyingi za kila siku, kama kuandika kwenye kioo au kufungua faili, programu huziazima kutoka maktaba kuu ya mashine, iitwayo glibc. Ubuntu 20.04 ina glibc ya 2.31, na 24.04 ina ya 2.39. Mkalimani ulimbadilisha, lakini maktaba ni ya nyumba, haikubadilika. Programu iliyounganishwa na maktaba mpya haikubali kufanya kazi penye maktaba ya zamani.

Dawa yake ni nyepesi: usipeleke programu iliyokwisha kutengenezwa, peleka maandishi yake, uitengeneze kulekule itakapotumika. Akaenda tena na faili za C, akaandika make bandarini, ikakubali mara moja.

8. TULIVYORUDI KWA MKALIMANI MPYA

Hapa wengi wangeishia. Matokeo yamesomwa, wazazi wamekwenda zao, gcc-9 imekaa. Lakini niliwaambia wanafunzi tusimwache mpya bila kumsikiliza. Kwa nini alikataa?

Tulifungua faili mbili za programu. Katika kuu.c palikuwa na mstari int jumla. Na katika hesabu.c palikuwa na mstari uleule, int jumla. Nje ya kazi zote. Katika faili ya kwanza jumla ilikuwa hesabu ya wanafunzi wa darasa. Katika ya pili ilikuwa jumla ya alama za mwanafunzi mmoja. Ni vitu viwili mbalimbali vyenye jina moja. GCC ya 9 iliviona, ikavifanya kuwa kitu kimoja, isiseme neno. GCC ya 13 ilikataa.

Ndipo tukakumbuka jambo lililokuwa likituchekesha siku zote. Kila karatasi ya matokeo ilimalizika kwa mstari wa idadi ya wanafunzi, na kila mara idadi hiyo ilikuwa ya ajabu. Darasa la watu 48 liliandikwa kuwa na wanafunzi 611. Karani alikuwa akiikata kwa kalamu na kuandika 48 kwa mkono, na sote tulisema ni wazimu wa mashine. Haukuwa wazimu. 611 zilikuwa alama za mwanafunzi wa mwisho katika orodha, zilizoandikwa juu ya idadi ya darasa kwa sababu nyumba ilikuwa moja. Kwa bahati njema alama za kila mtu zilikuwa sahihi, kwa kuwa hesabu.c ilianza na sifuri kwa kila mwanafunzi. Lakini ilikuwa bahati tu.

Tukaandika static mbele ya kila mstari:

    static int jumla;

Neno static huiambia kompaila kwamba jina hili ni la faili hii peke yake. Tukasafisha, tukaandika make bila kumtaja mzee. GCC ya 13 ikakubali, na mstari wa mwisho ukasoma 48. Kama kigezo kingekuwa kweli cha kushirikiwa na faili zote mbili, dawa ingekuwa nyingine: kukiweka mara moja katika faili moja, na katika ile nyingine kuandika extern int jumla;.

Mjuzi aweza kusema, "Mlijisumbua bure, mngeandika tu -fcommon, nayo 13 ingekubali kama 9." Ni kweli, ingekubali. Na karani angeendelea kukata 611 kwa kalamu.

9. MAMBO YA KUSHIKA

Usiache mbachao kwa msala upitao: usiing'oe kompaila moja ili kuweka nyingine, maana nafasi yao wote ipo. Mwite kila mmoja kwa namba yake. Kabla ya kukubali kuondoa kitu chochote, soma orodha yote. Tumia ya zamani kuokoa kazi ya leo, kisha isikilize mpya ili kuponya kazi ya kesho. Na kazi ikipona, ondoa ya zamani kwa namba yake tu, sudo apt-get remove gcc-9, kama hakuna mwingine anayeihitaji.

Nanyi wanafunzi wa zamani, nina ombi. Programu mlizotuachia tunazitumia hata leo, na tunawashukuru. Lakini katika folda ya alama hatukukuta hata mstari mmoja wa kutuambia ilitengenezwa kwa kompaila ipi. Tulipoteza nusu siku kwa kutafuta. Kila mwenye programu na aandike faili ndogo iitwayo SOMA, ndani yake mistari miwili: jina la Ubuntu, na jibu la gcc --version. Sisi tumekwisha iandika ya kwetu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Umeandika type -a gcc ukapata /usr/local/bin/gcc na /usr/bin/gcc. Ni ipi itakayojibu, na kwa nini?

2. Programu inatengenezwa na gcc-13 pamoja na onyo kwamba kazi fulani haikutangazwa. Itapatwa na nini siku shule itakapohamia gcc-14? Utafanya nini leo?

3. Mwenzako ametengeneza programu kwa gcc-9 katika Ubuntu 24.04 ili aipeleke Nyanza-Lac kwenye mashine ya 20.04. Mshauri.

4. Eleza kwa maneno yako hatari ya kuandika make CC=gcc-9 bila make clean.

5. Tafuta katika programu zako mwenyewe kigezo kilichowekwa nje ya kazi zote. Je, faili nyingine ina jina hilohilo? Jaribu kwa kompaila zote mbili, uandike kila moja imesema nini.